Jiwe hili ni la aina gani? Namna ya kulitambua ukiwa Uganda, hatua kwa hatua

Ukipita barabara yoyote hapa Uganda utaona mawe, kuna wamama wanaponda kokoto pembeni, kuna lori za maramu, kuna vilima vya mwamba mtupu kama kule Kumi, lakini ukimuuliza mtu hili ni jiwe gani anakujibu "ni jiwe tu". Mimi naona tunapoteza sana hapo, manake kila kitu unachokiona kwenye jiwe, ukubwa wa chembe zake, mistari, mashimo, mng'ao, vyote vimebaki pale kwa sababu ya jinsi jiwe lenyewe lilivyotokea. Kwahiyo hapa hatuanzi na kukariri majina. Tunaanza na kuangalia, tunajiuliza nini kilitokea mpaka jiwe likawa hivi, na jina linakuja lenyewe mwishoni.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu asiye na maabara, fundi anayenunua kokoto, na yeyote anayetaka kujua shamba lake limekaa juu ya nini.

Vitu vya kuwa navyo

Nyundo, msumari wa chuma wa inchi nne, kipande cha kioo kinene (kitako cha chupa kinafaa), siki au ndimu, maji kwenye kikombe, na lenzi ya kukuza kama unayo. Kama huna, kamera ya simu ukiivuta karibu inasaidia sana. Pia miwani ya kukinga macho, na hiyo naomba usiiruke, kipande cha jiwe kikikuingia jichoni hakuna cha kujifunza tena siku hiyo. Vumbi nalo ni hatari, mawe mengi yetu yana kwatsi (madini magumu yanayofanana na kioo), na vumbi lake ukilivuta kwa miaka linaharibu mapafu kwa ugonjwa unaoitwa silikosi ambao hauna dawa ya kuuponya. Wanaoponda kokoto kila siku wamwagie mawe maji kwanza na wafunge pua na mdomo, na watoto wasikae karibu.

Hatua ya 1: Vunja upate uso mpya

Usiliamini jiwe kwa rangi ya nje. Mvua na hewa zinalibadilisha, chuma kilichomo kinashika kutu, madini mengine yanageuka udongo, ndio maana mawe mengi kwa nje yanafanana, kahawia kahawia tu. Piga nyundo mpaka upate uso ambao haujawahi kuona jua. Likilia kwa sauti kali kama chuma, bado ni zima ndani, likitoa sauti nzito iliyokufa au likabomoka, limeshaoza, tafuta lingine. Lowesha ule uso mpya na maji, rangi zinatokea vizuri zaidi zikiwa mbichi.

Halafu jiulize, je jiwe hili liko mahali pake? Jiwe lililoshikamana na mwamba mkubwa chini linakwambia habari za mahali hapo. Lililo kwenye rundo la kokoto Kampala linaweza kuwa limeletwa na lori kutoka wilaya nyingine kabisa, na lililo mtoni limesukumwa na maji kutoka juu.

Hatua ya 2: Angalia vipande vyake vimeshikanaje

Hapa ndipo kazi nzima ilipo, kaa nalo taratibu. Chukua lenzi, ligeuzegeuze kwenye jua, angalia vile vipande vidogo ndani yake. Kama ni fuwele, yani punje za madini zilizokua zenyewe, zimeng'ang'aniana kila upande bila kuacha nafasi, hazina mpangilio wowote, mara nyingi una mwamba moto mkononi. Kama ni chembe zilizokuwa mbalimbali, za mchanga au tope au changarawe, zimegandishwa pamoja na kitu kingine, huo ni mwamba wa mashapo. Na kama ni fuwele lakini zimejipanga kwa mistari, zimelala upande mmoja kana kwamba kuna kitu kiliziminya, huo ni mwamba geu. Makundi ni hayo matatu tu, ugumu uko kwenye kuangalia.

Kama huoni chembe yoyote hata kwa lenzi, usikate tamaa, hiyo yenyewe ni habari. Inamaanisha lava iliyopoa haraka au tope laini sana lililoganda, na hatua zinazofuata zitakusaidia kutofautisha.

Hatua ya 3: Kama ni mwamba moto, uliza ulipoa wapi

Ukishuka chini ya ardhi joto linaongezeka kama nyuzi 25 mpaka 30 za Selsiasi kwa kila kilomita moja, na kuna sehemu huko ndani mwamba unayeyuka unakuwa magma. Sasa magma hiyo ina njia mbili. Inaweza kukwama kilomita kadhaa chini, imezungukwa na miamba inayoitunzia joto, ikapoa polepole sana kwa maelfu mpaka mamilioni ya miaka, fuwele zikapata muda wa kukua mpaka unaziona kwa macho. Au itoke nje kama lava, ikutane na hewa au maji, ipoe haraka na fuwele zibaki ndogo mno.

Ukitaka kuwaonyesha watoto jambo hili chukua chumvi, ya Katwe au yoyote, ikoroge kwenye maji moto mpaka isiyeyuke tena, gawa sahani mbili. Moja ikaushe haraka jikoni, nyingine iache kivulini imefunikwa kitambaa chepesi kwa siku kadhaa. Ile ya kivulini itatoa fuwele kubwa zenye pande nne safi, ile ya jikoni itakuwa unga. Ni kweli chumvi inakauka wakati magma inapoa, lakini kinachokuza fuwele ni kilekile, muda.

Granaiti ndio mfano wa ile iliyopoa chini. Mubende iko, Kumi iko, yale mawe makubwa ya Nyero yenye michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe ni granaiti. Ndani yake tafuta vitu vitatu: kwatsi, ambayo ni ya kijivu na inaonekana kama kioo kilichovunjika, haina uso bapa, feldispa ambayo ni nyeupe au ya waridi na ukigeuza jiwe juani nyuso zake bapa zinawaka ghafla halafu zinazima, na ulanga mweusi, vile vimagamba vinavyong'aa unavyoweza kuvibandua kwa kucha. Ukiviona vyote vitatu vimechanganyika bila mistari, sema granaiti bila wasiwasi.

Watu wanajiuliza, kama granaiti ilipoa kilomita nyingi chini, imefikaje juu ya kilima Kumi? Haikupanda peke yake. Miamba iliyokuwa juu yake imemomonyoka, mvua na mito vimeibeba punje kwa punje kwa mamia ya mamilioni ya miaka mpaka granaiti ikabaki wazi. Ukisimama juu ya mwamba wa aina hiyo jua kwamba kulikuwa na kilomita za mawe juu ya kichwa chako na zote zimekwenda.

Na granaiti yenyewe nayo haidumu milele. Feldispa ikikaa na maji ya mvua inageuka udongo mweupe wa kaolini, kwatsi inabaki kama mchanga, na ulanga unaachia chuma kinachotia wekundu. Kwahiyo ukiona ukingo wa barabara una rangi na madoadoa ya granaiti lakini unaweza kuuchimba kwa jembe, ni granaiti iliyooza pale pale iliposimama. Fundi, usinunue kokoto za namna hiyo. Ziminye mkononi, zikiacha unga na punje za mchanga ziache hapo hapo.

Ile iliyopoa nje nenda Kisoro ukaione. Muhabura wenye mita 4,127, Mgahinga na Sabyinyo ni volkano, na mashamba ya chini yake yamejaa mawe meusi au ya kijivu kiza ambayo watu wameyakusanya miaka mingi wakayapanga kuwa kuta ili wapate sehemu ya kulima. Hiyo ni lava, jamii ya basalti, inatoka kwenye nyuzi kama 1,100 au 1,200. Uso wake mpya ni mweusi, huoni fuwele, au unaona chache tu zimetawanyika kwenye weusi, hizo chache zilishaanza kukua chini kabla ya mlipuko. Na mara nyingi ina matundu matundu. Magma ikiwa chini ina gesi imeyeyuka ndani yake, ikipanda mgandamizo unapungua, gesi inatoka kwa vipovu, lava inaganda vipovu vikiwa bado ndani. Ndugu wa volkano hizi wako hai ng'ambo ya mpaka, Nyiragongo ya Congo ilimwaga lava kuelekea Goma mwaka 2002 na tena Mei 2021.

Kuna aina ya tatu ambayo watu wengi wanaipita, tufu. Volkano haimwagi lava tu, nyingine inalipuka inarusha majivu na vipande vya mawe angani, vinaanguka, vinalala tabaka juu ya tabaka, vinaganda. Zile kreta (mashimo ya mlipuko) za Fort Portal na Bunyaruguru, zenye maziwa ya duara, zimezungukwa na kitu hicho. Tufu ni nyepesi, inakwaruzika, ndani utaona vipande vya mawe ya kila aina ambavyo mlipuko uliving'oa njiani. Ina tabaka kwa hiyo mwanafunzi anaweza kusema ni mashapo, na simlaumu, lakini vilivyomo vimezaliwa kwenye moto. Angalia vile vipande: vina kona kali, havijaviringishwa na mto.

Mlima Elgon nao umejengwa sana na vitu hivyo vya kulipuka, sio lava tupu. Pale Sipi maji yanaanguka kutoka kwenye tabaka ngumu, na zile laini chini yake zinaliwa na maji taratibu, ndio maana kuna mapango nyuma ya maporomoko. Miamba hii ya volkano ikioza inatoa udongo mzito wenye rutuba, kahawa ya Bugisu inaupenda, ila huo huo udongo ukiwa mteremkoni na mvua ikanyesha mfululizo unateleza. Bududa Machi 2010 tulipoteza watu wengi kwa namna hiyo na maporomoko yamerudi huko tena na tena. Kwahiyo kwa mtu wa Bududa au Sironko kujua amekaa juu ya nini ni jambo la usalama. Ukiona nyufa mpya kwenye udongo juu ya nyumba yako, au chemchemi imehama, usingoje.

Hatua ya 4: Kama ni chembe zilizogandishwa, soma safari yake

Mashapo yanaanza na kifo cha mwamba mwingine. Jua, mvua na mizizi vinauvunja, maji yanabeba, na mwendo wa maji ndio unaoamua nini kinaachwa wapi: mto mkali unabeba mpaka mawe, ukipunguza kasi unaacha changarawe kwanza, halafu mchanga, na tope linafika mbali kabisa kwenye maji yaliyotulia ya ziwa. Tabaka zinalaliana, za chini zinaminywa na uzito, na maji yanayopita kati ya chembe yanaacha chokaa, silika (ile inayotengeneza kwatsi) au chuma vinavyozishika kama gundi.

Kwahiyo angalia ukubwa wa chembe, halafu umbo. Mawe mviringo laini yaliyogandishwa pamoja yanakwambia mto mkali na safari ndefu. Chembe za mchanga unazozihisi kwa kidole kama msasa ni jiwe la mchanga. Kama ni laini, ukililamba ulimi unanata kidogo na linaachana kwa vibao, ni tope lililoganda, na hapo chini ya ziwa kulikuwa kimya. Tafuta pia konokono, magamba na mifupa. Mashapo ndio sehemu ya kupata mabaki ya viumbe, kwenye granaiti hutayapata kamwe.

Uganda sehemu nzuri ya kuyaona ni bonde la ufa la magharibi, kando ya Ziwa Albert. Bonde lile limekuwa likizama huku mito ikilijaza, na mashapo yake sehemu nyingine yana unene wa kilomita kadhaa. Kaiso wamekuta magamba ya konokono wa kale kwenye tabaka. Na mafuta yaliyothibitishwa mwaka 2006 yanakaa humo humo, watu wanadhani ni kama ziwa jeusi chini ya ardhi lakini hapana, mafuta yamo kwenye nafasi ndogo kati ya punje za mchanga, na juu yake tabaka za tope zisizopitisha kitu zimeyafunika yasitoroke. Ukitaka kuona nafasi hizo, dondosha tone la maji kwenye jiwe la mchanga kavu, linanywewa. Dondosha kwenye granaiti zima, linakaa juu.

Na maramu je?

Hili swali linaulizwa sana na vitabu vya shule vinalipita haraka. Maramu ni kitu kilichobaki. Kwenye nchi ya joto na mvua kama yetu maji yanaosha silika na madini mengine kutoka kwenye mwamba unaooza, chuma na aluminiamu haviondoki, vinajikusanya, vinatengeneza punje nyekundu na mabonge. Ikifunuliwa na ikakauka inakuwa ngumu kabisa na hairudi tena kuwa laini. Vile vilima vya Buganda vyenye vichwa bapa vina kofia ya maramu ngumu juu, hiyo kofia ndio inavilinda visimomonyoke, na bondeni maji yamekula pasipo na kofia. Kwahiyo usilazimishe maramu kwenye makundi matatu, ni zao la mwamba kuoza. Kwa barabara tafuta yenye punje ngumu na udongo kidogo wa kushikisha, ikiwa udongo ni mwingi mvua ya kwanza tu inageuka tope.

Hatua ya 5: Kama ina mistari ya fuwele, imegeuzwa

Sehemu kubwa ya nchi yetu imekaa juu ya miamba geu, kwahiyo hapa tukae kidogo.

Chukua mwamba wowote, uzike kilomita 15 au 20, huko joto ni mamia ya nyuzi na mgandamizo ni mkubwa mno. Kuanzia nyuzi kama 200 madini yanaanza kubadilika, mwamba hauyeyuki, unabaki mgumu, lakini ndani yake madini ya zamani yanavunjika na mapya yanakua, na yanakua yakilala kukwepa ile nguvu inayoyaminya. Mistari inatoka hapo. Tope lililoganda linakuwa sleti, likizidi kupikwa linakuwa filaiti yenye mng'ao wa hariri, halafu shisti ambayo ulanga wake unauona kwa macho unang'aa kama samaki, na mwisho naisi yenye mistari mipana myeupe na myeusi. Jiwe la mchanga linakuwa kwatsaiti. Chokaa inakuwa marumaru. Granaiti yenyewe ikizikwa tena inakuwa naisi.

Mwamba ukiwa na joto la kutosha unapinda bila kuvunjika, ndio maana naisi nyingi zina mikunjo mizuri kama chapati ilivyoviringishwa kabla ya kusukumwa. Naisi za msingi wa nchi yetu, hasa upande wa kaskazini na West Nile, kuna zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ni kati ya miamba mizee ya Afrika, na watu wanaanikia mihogo juu yake.

Rwenzori watu wengi wanasema ni volkano, labda kwa sababu kreta za Fort Portal ziko jirani. Siyo. Ule ni mwamba mzee wa naisi, shisti, kwatsaiti na jamaa zake uliosukumwa juu pamoja na kufunguka kwa bonde la ufa, mpaka ukafika mita 5,109 pale kilele cha Margherita. Ukiwa Kasese nenda kwenye mto unaoshuka mlimani uangalie mawe yaliyoletwa, yamejaa mistari, hutaona lava yenye matundu.

Kuchanganya naisi na granaiti ni rahisi kwa sababu madini ni yale yale. Tofauti ni mpangilio, rudi nyuma uangalie jiwe lote, usiangalie kipande kidogo, kama weusi umejikusanya kwenye mistari ni naisi. Na mistari ya naisi usiichanganye na tabaka za mashapo: tabaka za mashapo zinatofautiana kwa ukubwa wa chembe na mara nyingi jiwe linaachana hapo, mistari ya naisi ni fuwele zilizoshikana na nyundo inapita katikati bila kuijali.

Kwa ujenzi, naisi na kwatsaiti nzima zinatoa kokoto nzuri. Shisti yenye ulanga mwingi iepuke, inavunjika kwa vipande bapa vyembamba ambavyo havilaliani vizuri kwenye zege, na saruji haishiki vizuri kwenye ulanga.

Hatua ya 6: Kwaruza

Mwaka 1812 Mjerumani mtaalamu wa madini, Friedrich Mohs, alipanga madini kwa ugumu kutoka 1 mpaka 10 na mpaka leo tunatumia. Kucha yako ni kama 2.5, kioo kama 5.5, msumari uko chini kidogo ya kioo, kwatsi ni 7. Kwahiyo weka kioo mezani (usikishike mkononi jamani, kinakata), kokota jiwe juu yake kwa nguvu, halafu futa kwa kidole. Alama ikibaki, jiwe limekishinda kioo, lina kwatsi au feldispa. Alama ikifutika ulikuwa ni unga wa jiwe tu.

Jaribio hili linamaliza ubishi wa kwatsaiti na marumaru, maana zote zinaweza kuwa nyeupe zinazong'aa. Kwatsaiti inakata kioo. Marumaru haikati, na msumari unaikwaruza.

Hatua ya 7: Dondosha siki

Madini ya kalsaiti, ambayo ndio chokaa na marumaru, yakikutana na asidi yanatoa gesi. Siki ya dukani ni dhaifu kwahiyo kwaruza kwanza upate unga, dondosha siki juu yake, weka sikio na jicho karibu uone vipovu vidogo. Asidi ya betri usitumie, inaunguza ngozi na macho, na juu ya chokaa inatengeneza utando unaozuia vipovu, kwahiyo inakupa jibu baya pia.

Ikitoa povu na ina fuwele zinazometa kama sukari ni marumaru, ya Karamoja huko Moroto inachimbwa na kupelekwa Tororo kutengenezea saruji. Ikitoa povu na ni laini bila fuwele ni chokaa ya kawaida, kama inayochimbwa kwa ajili ya saruji kule Hima.

Sasa nenda kwenye ule mwamba wa Tororo unaouona ukiwa mbali na mji. Kipande chake kinatoa povu. Mtu atasema basi ni chokaa, hapo zamani kulikuwa na bahari, na sivyo. Mwamba wa Tororo ni kabonataiti, mwamba moto, yani magma ambayo badala ya silika ilijaa kabonati (jamii ya madini ambayo kalsaiti ni mojawapo), ikaganda ndani ya volkano ambayo sasa imemomonyoka yote ukabaki moyo wake tu. Ni kitu adimu duniani, na volkano moja tu inayojulikana kumwaga lava ya namna hiyo sasa hivi, Ol Doinyo Lengai ya Tanzania, lava yake ina joto la nyuzi 500 na kitu tu, nusu ya ile ya basalti. Vilima vya Sukulu jirani na Tororo ni jamii hiyo hiyo na ndiko iliko fosfeti ya mbolea. Fort Portal nako kuna lava ya kabonataiti. Mimi nikisikia mtu wa Tororo anasema mji wao hauna cha kuona nasikitika kweli kweli.

Kwahiyo siki inakwambia kuna kalsaiti, haikwambii ilifikaje. Na lava ya volkano yenye matundu inaweza kuwa na kalsaiti nyeupe iliyojaza yale matundu baadaye, utaona povu kwenye doa jeupe tu, weusi umenyamaza.

Hatua ya 8: Pima uzito wake majini

Hii ni ya wenye bidii. Funga jiwe kwa kamba, lipime kwa mizani ya kuning'iniza, andika. Halafu lizamishe kwenye ndoo ya maji likiwa bado linaning'inia bila kugusa chini, pima tena. Uzito wa kwanza gawanya kwa tofauti ya hizo mbili. Mfano limekuja gramu 540 hewani na 340 majini, tofauti ni 200, 540 kwa 200 ni 2.7. Granaiti inakuja 2.6 mpaka 2.7, basalti inapanda 2.8 mpaka 3.0 kwa sababu ya chuma na magnesiamu zaidi, tufu inashuka sana. Basalti yenye matundu mengi itakudanganya, tafuta kipande kisicho na matundu.

Hatua ya 9: Andika, halafu linganisha na ramani

Kila jiwe liweke kwenye kavera (mfuko wa plastiki) lake na karatasi: mahali, tarehe, lilikuwa limeshikamana na mwamba au limelala tu, umeona nini hatua ya 2, matokeo ya kioo na siki. Jina andika mwisho, kwa penseli. Idara ya serikali ya jiolojia na madini iko Entebbe, kazi ya kupima miamba ya nchi hii ilianza pale mwaka 1919, na wana ramani za jiolojia za nchi nzima. Ukipata ramani ya eneo lako angalia rangi iliyopakwa pale ulipookota jiwe, isipolingana na jibu lako rudi hatua ya 1, uangalie kama jiwe ni la hapo kweli.

Kwenye hifadhi za taifa usichukue wala usivunje jiwe, kwenye machimbo ya mtu omba ruhusa kwanza, na usisimame chini ya ukuta uliochimbwa hasa baada ya mvua. Nyero hakuna nyundo, hakuna siki, hakuna hata maji kwenye ile michoro. Pale tumia lenzi na macho tu, granaiti ya mawe yaliyolala mbali na michoro utaitambua vizuri kwa hatua ya 2 peke yake.